Kazi ya Mtu wa Mbele

Sironga,
Jumapili alasiri.

Kemunto, mama,

Sina haja ya kukuuliza u hali gani, kwa sababu nimekuona sasa hivi mlangoni ukifunga kamba za viatu. Chakula cha mchana kimekushinda, na umecheka kila mtu alipofungua mdomo, hata mjomba wako alipokuwa akisali. Sasa umetoka na Nyaboke kukimbia mara ya mwisho kabla ya safari ya kesho. Mama yako yuko chumbani anapanga sanduku lako upya kwa sababu hakuridhika na ulivyolipanga wewe. Mimi nimevuta kiti kwenye dirisha linalotazama barabara, na nina muda mpaka mrudi.

Mambo ya blanketi, sabuni na watu wa kukaa nao mbali umeshaambiwa na wanaoyajua kuliko mimi. Sitayarudia. Nimeamua kuandika kwa sababu tukizungumza huwa unanijibu kabla sijamaliza, tabia uliyoitoa kwa mama yangu pamoja na jina lake. Karatasi huwezi kuikatiza. Isome basi la kesho likishapita Kericho, ukiwa umechoka kutazama nje.

Kwanza niseme mambo kama yalivyo, jinsi ninavyoyaandika ya watu wengine gazetini. Kesho unakwenda Nairobi kwenye kambi ya timu ya wanawake ya idara ya serikali. Mtakuwa wengi. Mwisho wa kambi mtakimbia mbio moja, na wachache watakaotangulia wataajiriwa. Hao watavaa sare, watalipwa mshahara, na kazi yao itakuwa kukimbia. Waliobaki watapewa nauli ya kurudi makwao. Hakuna ahadi nyingine uliyopewa, na asikudanganye mtu kwamba ipo. Nyaboke hakuitwa.

Hayo ndiyo mambo yenyewe. La ziada, ambalo mhariri wangu angelifuta, ni kwamba nimefurahi mpaka nimeharibu karatasi mbili kabla ya hii. Miaka yote hii ya kuripoti michezo nimewasindikiza vijana wengi wa Kisii mpaka kituo cha basi, nikaandika majina yao, nikarudi nyumbani. Sijapata kuandika la msichana wa Sironga aliyeitwa kwa kazi ya miguu yake. Asubuhi nimejikuta napiga mluzi nikikamua, na ng'ombe akageuka kunitazama nina nini.

Lakini kuna jambo la Kisumu, na hatujalizungumza.

Mwaka jana, kwenye mashindano ya mkoa, nilikuwa kwenye benchi la waandishi. Watatu wa kwanza wangechaguliwa. Kengele ya mzunguko wa mwisho ilipolia ulikuwa mbele, na mwandishi aliyeketi kando yangu, ambaye hakujua wewe ni nani kwangu, alisema, "Yule mwembamba amemaliza kazi." Ulipofika upande wa mbali wa uwanja uligeuza shingo. Nikaona unamtafuta Nyaboke, ambaye alikuwa ameachwa. Ukageuka tena. Miguu yako ikaanza kumngojea. Wasichana watatu wakakupita ukiwa bado unatazama nyuma, na ulipotazama mbele, uwanja uliobaki haukutosha.

Jioni nilikwenda posta kulisomea gazeti matokeo kwa simu kama kawaida. Nilipofika kwenye mbio zenu nilisema kwamba msichana wa Sironga aliyekuwa akiongoza alipunguza mwendo katika mzunguko wa mwisho, akamaliza wa nne. Karani wa Nairobi akaniuliza, "Aliumia?"

"Hapana. Aligeuka nyuma."

"Kutazama nini?"

"Rafiki yake."

Nikasikia mashine yake ya kuchapa imesimama. "Mzee, hiyo nitaandikaje?"

"Andika wa nne," nikamwambia.

Mwalimu wako alisema pumzi zilikuishia. Kaka yako alisema uliogopa umati. Mimi sikusema kitu, na njia nzima ya kurudi ulikuwa ukinitazama pembeni, ukingoja. Sikunyamaza kwa hasira. Shingo ile niliijua. Ni yangu.

Ulipozaliwa nilikuwa mbeba ndizi. Umeisikia habari hiyo mara nyingi, lakini umeisikia vipandevipande na vicheko vingi, na kazi yenyewe sijawahi kukueleza. Tulikuwa wanaume kumi. Tulinunua ndizi mbichi Ekerenyo, tukazipeleka kwa baiskeli kupitia Ikonge na Chabera mpaka soko la Sondu, na tukarudi na samaki na vyungu. Kila baiskeli ilibeba mikungu mitatu, mmoja kila upande wa kerieri na mmoja juu yake. Penye mlima tulishuka tukasukuma, wote, na hakuna aliyeona haya. Penye mteremko breki hazikutosha kwa uzito ule, kwa hiyo tulikanyaga gurudumu la nyuma kwa kisigino cha kiatu cha tairi, na ukiwa nyuma ulinusa mpira ukiungua mpaka chini.

Katika msafara kila mtu alikuwa na mahali pake. Wa mbele alikuwa Nyamweya, Msabato wa Ekerenyo, mfupi, mwenye shingo pana kama ya fahali. Yeye ndiye aliyechagua njia kati ya mashimo, na tairi zetu zilifuata mahali tairi yake ilipopita. Wa nyuma kabisa nilikuwa mimi. Niliitwa mtu wa pampu. Nilibeba pampu, viraka na gundi, na macho yangu yalikuwa kwa wote tisa walionitangulia. Tairi ya mtu ikitoboka, au mtu akianguka, mimi nilisimama naye. Wengine walishuka mpaka chini ya mlima wakatungoja hapo. Hakuna mtu aliyeachwa peke yake barabarani, na sheria hiyo haikuandikwa popote. Ilikuwa mwilini. Tairi ikilia, mkono wangu ulikuwa umeshashika breki.

Mbio zangu za kwanza zilikuwa za maonyesho ya kilimo, mjini Kisii, kwa baiskeli hizihizi nyeusi za mizigo. Bila ndizi ile baiskeli ilikuwa nyepesi kama kikapu kitupu. Nilishinda kwa umbali ambao ulinitia aibu. Salim, aliyekuwa na duka la baiskeli karibu na msikiti, akaniita siku ya pili akanionyesha baiskeli ya mbio, yenye tairi nyembamba kama kamba. "Nitakuazima," akasema. "Ukishinda, utasema umeipata kwa nani."

Nikaipanda mbele ya duka lake, watu wakitazama. Nilikuwa nimezoea kuvuta usukani kwa nguvu zote ili mzigo wa nyuma uanze kusogea. Nikavuta vivyo hivyo. Gurudumu la mbele likaruka juu, nami nikakaa chini barabarani huku baiskeli ikiwa juu ya kifua changu.

"Huyu si punda, bwana," Salim akasema. "Usimburute. Mguse tu, ataenda."

Nilijifunza. Msimu ule ulikuwa wa raha ambayo siwezi kukueleza vizuri, ila wewe unaijua. Ni ile siku unagundua kwamba kitu ulichokuwa ukifanya kwa sababu ya kazi, kumbe unakiweza kuliko watu wengine. Nilipanda kwenda Keroka jioni kwa sababu tu barabara ilikuwepo. Mama yako alikuwa amekubeba mgongoni, na aliniambia, "Unaenda kuleta nini huko?" Nikasema, "Hakuna." Akasema, "Basi usichelewe nacho."

Halafu zikaja mbio za kuchagua waendeshaji wa kwenda Nairobi. Njia ilikuwa Kisii mpaka Sotik na kurudi, na walitakiwa wawili. Tulipoikaribia Kiogoro wakati wa kurudi, askari mmoja alikuwa ametangulia peke yake na hakuna ambaye angemfikia. Nafasi ya pili ilikuwa kati yangu na Otieno, kijana mrefu wa Nyakach. Wengine walikuwa mbali nyuma yetu. Nilikuwa na nguvu, mama. Nilimsikia akipumua kwa mdomo, nami nilikuwa bado napumua kwa pua. Nilijua mahali nitakapomwacha, ule mwinuko wa kuingia mjini.

Tairi yake ikalia.

Nilikuja kujua nilichofanya nikiwa nimeshakifanya. Nilikuwa chini, nimelaza baiskeli kwenye nyasi, pampu mkononi. Otieno amesimama ananitazama kama mtu aliyeona mchana unakuwa usiku.

"Jamaa, unafanya nini?"

"Toa gurudumu."

"Kwani mbio zimeisha?"

"Toa gurudumu, tunachelewa," nikamwambia, na nilisema kwa ukali, kama nilivyowaambia wenzangu wa ndizi.

Akatoa. Watu wa Kiogoro wakatoka mashambani kutazama. Nilitafuta tundu kwa mate, nikakwaruza, nikapaka gundi, nikabandika, nikapiga pampu. Nilifanya kazi nzuri sana, niseme ukweli. Mama mmoja mwenye jembe akauliza, "Hawa ni ndugu?" Mwingine akamjibu, "Hapana, huyu wa kwetu ni mjinga." Otieno akapanda akaondoka. Mimi nilikuwa bado nakunja viraka na kuvirudisha mfukoni, kwa sababu mtu wa pampu haachi vifaa barabarani. Nilimfuata mpaka uwanjani na sikumpata. Akawa wa pili, nami wa tatu.

Alinijia pale uwanjani, jasho likimtiririka, akanishika mabega. "Sijui nikushukuru au nikucheke."

"Fanya yote mawili," nikasema.

Akafanya yote mawili. Ni mtu mwema, na nafasi ile aliipata kwa haki. Mimi ndiye niliyefanya kazi ya siku nyingine ndani ya siku ile.

Jumatatu nilirudi Ekerenyo kufunga mikungu. Habari ilikuwa imenitangulia. "Jamani, tairi yangu imelegea, muiteni bingwa!" "Mwacheni, anamngoja Otieno!" Njia yote mpaka Sondu ilikuwa hiyo. Nyamweya peke yake hakucheka. Tulipokaa kunywa chai sokoni nilimwambia kwamba wao wameniharibu, kwamba sheria yao ya kusimama imenipotezea Nairobi.

"Sheria gani?" akauliza.

"Ya kutomwacha mtu."

"Mimi nimeshasimama barabarani lini?"

Nikafikiri. Hakuwahi. Nikamwambia, "Wewe ni wa mbele."

"Na unafikiri kwa nini sisimami? Kwa sababu sina huruma?" Akanywa chai. "Nikigeuza shingo, usukani unageuka. Ukigeuka pale Chabera, mikungu inanivuta, naingia mtaroni, na ninyi tisa mnaingia juu yangu kwa sababu mnafuata tairi yangu. Mtu wa nyuma anawatunza kwa kutazama. Mimi nawatunza kwa kutotazama. Wewe ulienda kwenye mbio ukiwa mbele, ukafanya kazi ya nyuma. Nani amekuharibu?"

Nikamwomba anipe mahali pake. Wenzetu walipiga kelele, kwa sababu mtu mbaya pale mbele ni hatari kwa wote. Nyamweya akasema watanifundisha, na walinifundisha kwa furaha mbaya. Nikiwa mbele, wao nyuma walipewa ruhusa ya kunidanganya.

"Momura, kijana wetu, mkungu wako umeanguka!"

"Kijana, mkeo yule anakuita!"

"Polisi! Polisi nyuma!"

Kila nilipogeuka, chai ya Sondu ilikuwa juu yangu, kwa watu wote kumi. Wiki za kwanza niliwanywesha chai nyingi. Shingo ilikuwa ngumu kufundisha kuliko miguu. Niligundua kwamba sikuwa nageuka kwa sababu ya upendo peke yake. Nyuma palikuwa pamenizoea. Pale nilijua thamani yangu: mtu akianguka, ananihitaji. Mbele hakuna anayekuhitaji kwa jina. Ni wewe na barabara, na ukikosea hakuna wa kumlaumu. Hilo ndilo lililonitisha, na nililiita huruma.

Kisha siku moja mvua ikiwa imenyesha, tukiteremka, nilisikia kishindo cha kweli nyuma yangu. Huwezi kukosea kishindo cha mtu na mikungu mitatu. Hakuna aliyepiga kelele. Mwili wangu wote ulitaka kugeuka, nikauzuia, nikatafuta njia katika tope mpaka chini, nikasimama, ndipo nikatazama. Saba walikuwa wamefika nyuma yangu, wazima. Kule juu mtu wa pampu wa wakati ule alikuwa ameshamwinua aliyeanguka na anamsukumia baiskeli. Alikuwa amechubuka kiwiko.

Nyamweya akaja akasimama kando yangu. "Umeona," akasema. "Kazi ilikuwa na mwenyewe."

Mwaka uliofuata nilichaguliwa. Nilikwenda Nairobi, nikaingia timu ya kampuni moja, nikalipwa kwa kukanyaga pedali. Nilishindana mpaka Nakuru na Mombasa, nikashinda mara chache na kushindwa mara nyingi, kama ilivyo kwa wote wanaofanya kazi hii. Nakuambia hili la kushindwa mara nyingi kwa sababu hapa nyumbani hakuna anayelitaja. Unashinda mara moja, unakuja nyumbani, wanakuchinjia kuku, na mtu anadhani kila Jumapili ni kuku. Msimu wa mwanariadha ni kushindwa, kushindwa, kuumwa na tumbo, kushindwa, halafu asubuhi moja kila kitu kinakubali. Hiyo asubuhi moja, Kemunto! Nakuonea wivu kwamba zako bado ziko mbele.

Kosa langu la pili ndilo lililonimaliza, na si la shingo. Nilirudi likizo nikawakuta vijana wapya Ekerenyo, wenye miguu kama magogo. Nikaogopa kwamba Nairobi imenilainisha. Nikafunga mikungu minne kwenye baiskeli ya zamani, nikaupanda mlima wa Ikonge nikiwa nimekaa, bila kushuka kusukuma. Nimekuambia kwamba hakuna mbeba ndizi aliyefanya hivyo, na walikuwa na sababu. Watu wa sokoni wakatoka kunishangilia. Kesho yake nikarudia, kwa sababu walikuwa wananingoja. Goti halikushangilia. Lilivimba, likapona kidogo, nikarudi kwenye timu nikificha, likavimba tena, na msimu ule ukawa wa mwisho. Hakuna aliyenigonga wala kunisukuma. Nilijizoeza kwa ajili ya watazamaji wa sokoni, na watazamaji wa sokoni hawana mahali pa kukuandikia mshahara.

Tangu niwe mwandishi nimeliona kosa hilo kwa wengi. Kulikuwa na mkimbiaji mmoja wa upande wa Keroka, mzuri kuliko wote niliowahi kuandika, ambaye alikimbia kila alipoombwa. Shule ikifunguliwa, alikimbia. Chifu akiwa na mgeni, alikimbia. Msimu mkubwa ulipofika, mguu wake ulikuwa umegawanywa kwa wilaya nzima. Nyamweya hakugusa baiskeli Jumamosi, hata ndizi zikiwa zinaiva, na alidumu barabarani kuliko sisi wote. Wakati ule nilidhani ni mambo ya kanisa tu. Kambini watu watakucheka ukipumzika. Pumzika.

Goti lilipokwisha nilikaa nyumbani karibu mwaka mzima nikiwa mtu asiyefaa kukaribiwa. Mama yako anaweza kukusimulia. Nilianza uandishi kwa sababu ya hasira. Gazeti liliandika mbio za Kisii vibaya, njia wameikosea na mshindi wamekosea jina lake, nikawapelekea barua ya kuwasahihisha. Wakajibu kwamba wiki ijayo niwapelekee matokeo mwenyewe. Mpaka leo sijui kama nilipata kazi au nilipewa adhabu. Ninachojua ni kwamba mara ya kwanza nilipoona mbio bila kushindana, niliona mambo ambayo nikiwa ndani yake sikuyaona. Hivyo ndivyo nilivyoiona shingo yako.

Sasa nisikilize. Tangu wadogo zako wazaliwe wewe ndiye mtu wa nyuma wa nyumba hii. Wewe unasimama, wewe unainua, wewe unajua nani hajala. Tumekuzoeza sisi, na tumefaidika. Na kwa Nyaboke vivyo hivyo. Mmekimbia pamoja tangu mkiwa na sare za shule ya msingi, na mwendo wenu umekuwa wa yule anayechoka kwanza. Sikuambii uache kumpenda. Wala sikuambii kwamba mbio zinataka moyo mgumu, kwa sababu nimewaona wenye mioyo migumu wakiachwa nyuma na wenye huruma. Nakuambia tu kwamba siku ya mbio ile moja, kule Nairobi, hakuna aliyekupa kazi ya nyuma. Wadogo zako wana mimi na mama yako. Na Nyaboke

Nimekatizwa. Nyaboke amefika mwenyewe. Ameingia langoni peke yake, mikono kiunoni, anahema. Nimetoka nje na kalamu mkononi.

"Kemunto yuko wapi?"

"Usiniulize mimi, tata," akasema, akiniita baba kama kawaida yake. "Mimi nimeona mgongo wake tu."

"Amekuacha wapi?"

"Pale chini kwa daraja. Ameshika barabara ya juu, ile ndefu. Mimi nimekata hapa kwa shamba la chai, nimechoka." Akakaa kwenye ngazi, akavua viatu. Mama yako akamletea uji, akaunywa wote bila kupumua.

Nikamuuliza kama mmegombana.

"Tumeongea," akasema. "Nimemwambia leo kitu nilitaka kumwambia tangu Kisumu. Wakati aliniangalia kule Kisumu, mimi sikuwa nimeanguka. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nakimbia mbio yangu, na nilikuwa nafurahi vile yuko mbele. Halafu ananigeukia, uwanja wote unaona, kama mimi ni mtoto nimepotea sokoni. Yeye akakosa nafasi, na mimi nikabeba lawama. Mwaka mzima watu wananiambia nilimponza. Nilimponza nikifanya nini? Nilikuwa nyuma tu!"

Sikuwa nimelifikiria hilo hata mara moja, Kemunto. Nilimwandika Nyaboke kama mtu aliyengojewa, sikumuuliza kama alitaka kungojewa. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Haya, sasa umeuliza."

"Na leo je?"

"Leo nilimwambia, ukigeuka hata mara moja, usiniandikie barua kutoka Nairobi. Tukaanza. Tulipofika daraja akaenda." Akafuta uso kwa upindo wa sketi, na akaendelea kufuta kwa muda mrefu kuliko jasho linavyohitaji. "Nilimwangalia mpaka kona. Nilifikiri ataniangalia hata kidogo tu, hata ya kuiba."

"Akageuka?"

"Aka! Hakugeuka." Kisha akacheka. "Nimefurahi na nimekasirika, tata. Sijui ni gani kubwa."

Nimerudi kwenye meza. Nilikuwa nimebakisha ukurasa mzima wa kukueleza jambo ambalo rafiki yako amelimaliza pale darajani, na kwa maneno machache. Nimeukunja ukurasa huo. Sioni sababu ya kuuandika.

Wadogo zako wamepanda ukutani wanatazama barabara ya juu. Wanasema wamekuona. Nyaboke amesimama nao pekupeku, na bakuli la uji bado liko mkononi mwake. Sasa nakuona na mimi, unateremka kutoka kwa shamba la mwalimu, na sijawahi kukuona ukikimbia hivyo, hata Kisumu kabla ya kengele. Mikono iko chini, kichwa kimetulia. Nyaboke anapiga kelele majirani wote wasikie: "Usisimame! Ongeza! Usisimame!"

Umepita lango la nyumbani bila kupunguza, ukielekea Nyamira. Mama yako ametoka na nguo zako mkononi anauliza mtoto huyu anakwenda wapi tena na basi ni kesho. Nimemwambia akuwekee chakula.

Baba yako